Goma au karibu na nyumbani? Chaguo gumu la wanafunzi wa Masisi na Walikale

Kila mara matokeo ya mtihani wa taifa yanapotoka, swali moja hurudi katika nyumba nyingi za Masisi na Walikale, jimboni Kivu Kaskazini: mtoto aliyepata diploma aende Goma, kwenye makao makuu ya chuo kikuu cha serikali, ama aandikishwe katika tawi dogo lililo karibu na nyumbani? Zamani jibu lilitegemea mfuko wa mzazi. Leo linategemea pia barabara, na nani anayeishika.

Hesabu ya pesa inaeleweka haraka. Kusoma Goma si minervali peke yake. Kuna chumba cha kupanga, chakula, silabusi na pesa ya moto kila siku. Kwa familia ya Masisi inayoishi kwa maharagi na maziwa, ama ya Walikale inayotegemea mawese na mihogo, gharama hiyo inaweza kumaliza akiba yote kabla ya mwaka wa kwanza kuisha. Kwenye tawi, mwanafunzi analala kwao, anakula kwao na anasaidia shambani. Na mzazi anayeogopa kumtuma binti yake mjini peke yake mara nyingi haoni njia nyingine.

Tawi si jambo la kudharau. Chuo Kikuu cha Goma, UNIGOM, chenyewe kilianza mwaka 1993 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, kikapata uhuru wake mwaka 2004. Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu, UOB, nacho kilizaliwa kama tawi la Kisangani. Lakini kibao cha mlangoni hakitoshi kulikomaza tawi. Linahitaji walimu wake, vitabu na maabara.

Hapo ndipo matawi madogo yanapoumia. Mengi hutegemea maprofesa wanaotoka mjini. Profesa anafika, somo la miezi linamalizwa kwa siku chache, mtihani unafanywa, naye anarudi. Barabara ikifungwa, somo linangoja.

Na barabara imefungwa mara nyingi. M23 iliteka Masisi-Centre mwanzoni mwa Januari 2025, kisha Sake, na tarehe 27 Januari ikaingia Goma. Tarehe 19 Machi ilifika Walikale-Centre, ikaondoka mwanzoni mwa Aprili. Walikale ni wilaya kubwa kuliko zote za jimbo, yenye zaidi ya kilometa za mraba 23.000. Kwa wengi wa huko, kufika Goma kunamaanisha kuvuka mistari ya vita. Ndiyo sababu macho ya wengine yanageukia Kisangani, kwa barabara ya taifa namba 3 inayopitia Lubutu.

Hata aliyefika Goma hajamaliza shida. Uwanja wa ndege na benki za mji vilifungwa vita vilipoingia. Mzazi aliyebaki upande wa pili hutuma pesa kwa simu, na kila hatua inakatwa kitu. Tena diploma inahitaji kutambuliwa na wizara iliyo Kinshasa, wakati chuo kiko katika mji unaotawaliwa na wengine. Kwa hiyo ukubwa wa jina la chuo hautoshi tena kumhakikishia mzazi kwamba pesa yake haitapotea.

Kinachobaki ni kuangalia aina ya masomo. Udaktari hauwezi kusomwa vizuri pasipo hospitali kubwa na maabara. Kwa huo, mji hauna mbadala. Sheria, ualimu ama uchumi vinaweza kuanzwa karibu na nyumbani, ikiwa walimu wapo. Mfumo wa LMD unasaidia hapa: mwaka mmoja una kredi 60, na lisansi ya miaka mitatu ina 180. Kredi zilizoandikwa vizuri zinaweza kumfuata mwanafunzi anapohama.

Basi kabla ya kulipa, mzazi aulize mambo manne. Je, tawi lina ruhusa ya wizara, na karatasi yake inaonekana? Walimu wangapi wanaishi pale pale? Wanafunzi waliomaliza wamekwisha kupata diploma zao mkononi, ama wanaonyeshwa tu ahadi? Na chuo mama kinakubali kwa maandishi kumpokea mwanafunzi wa tawi akihama? Tawi lisiloweza kujibu la kwanza na la tatu linauza matumaini.

Serikali nayo ina deni. Kufungua matawi bila kuyapa walimu wa kudumu ni kuwaachia wazazi maskini kazi ya kuchagua kati ya chuo wasichoweza kukifikia na chuo kisichoweza kufundisha. Kijana wa Nyabiondo ama wa Kashebere anapaswa kupata diploma yenye uzito ule ule wa kijana wa Goma, na mwalimu anayelala karibu na darasa ndiye mwanzo wake.