Gari Kuukuu Linalokula Oili: Ununue Oili Gani?

NDUGU msomaji, mwenye gari kuukuu mjini hana siri. Kila anapoliwasha asubuhi, moshi wa buluu hutangulia kuwaarifu majirani kwamba gari lake linakula oili. Watoto wanaokwenda shule huziba pua, nguo zilizoanikwa hushika harufu, na mwenye gari mwenyewe hutembea na dumu la oili ndani ya buti kama mgonjwa anayetembea na dawa zake. Gari hilo si la anasa. Ndilo linalompeleka mama kazini na mtoto hospitali usiku, na katika nyumba nyingi ndilo teksi inayoleta unga. Kwa hiyo swali la oili gani inunuliwe si la fundi peke yake. Ni swali la fedha za nyumba nzima.

Jawabu la vijiweni ni moja tu: weka oili nzito. Jawabu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli, na mwenye kuifuata hiyo nusu huweza kuiua injini aliyotaka kuiokoa. Yafaa basi tulitazame jambo hili kwa utaratibu.

Pima kabla ya kununua

Oili hupotea kwa njia mbili: ama inavuja, ama inaungua. Oili inayovuja haiponi kwa kubadilisha aina ya oili, bali kwa kukaza nati ya kumwagia au kubadilisha gasketi na sili zilizokufa. Lala na gari juu ya kipande cha boksi kikavu. Asubuhi ukikuta madoa meusi, mwite fundi aangalie chini kwanza. Boksi likiwa safi na oili ikazidi kupungua, basi inaungua ndani.

Kisha ujue inaungua kiasi gani. Simamisha gari mahali palipo sawa, zima injini, ngoja dakika kumi ili oili ishuke, uchomoe kijiti cha kupimia, ukifute, ukirudishe na kukichomoa tena. Jaza mpaka alama ya juu, usipite hapo, maana oili iliyozidi nayo huchapwa ikatoka povu na kusukumwa kwenda kuungua. Andika kilomita zinazosomeka. Baada ya kilomita 1,000 pima tena, na uandike umeongeza kiasi gani. Katika wakati huo usingoje zifike zote 1,000 ndipo ukiangalie kijiti; kiangalie kila wiki.

Gari linalomaliza robo lita kwa kilomita 1,000 halina ugonjwa wa kutisha. Wapo watengenezaji wanaohesabu hata lita nzima kwa kilomita 1,000 kuwa ni mpaka wa mwisho unaovumilika. Linalozidi hapo halihitaji ushauri wa oili, linahitaji fundi.

Moshi una lugha yake

Moshi mweusi ni petroli au dizeli inayozidi. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikishapata moto, pamoja na maji kupungua kwenye rejeta, ni dalili ya maji kuingia ndani ya silinda. Wetu leo ni wa buluu, nao hubadilika kwa saa na kwa mwendo.

Ukitoka kwa wingi gari linapowashwa asubuhi kisha ukapungua, au ukitoka baada ya gari kushuka mlima mrefu bila kukanyagwa mafuta, aghalabu ni sili za vali zilizokauka na kuwa ngumu. Oili huteremka polepole kupitia hapo na kuingia ndani ya silinda. Ukitoka pale unapokanyaga mafuta kupanda mlima au gari likiwa na mzigo, shaka inaelekea kwenye ringi za pistoni na kuta za silinda zilizolika. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni ataweza kuthibitisha. Akitia oili kidogo ndani ya silinda yenye kompresheni ndogo na kipimo kikapanda, ni ringi.

Iko pia sababu ya tatu inayosahauliwa. Injini inapofanya kazi hutoa mvuke, na mvuke huo hurudishwa kwenye njia ya hewa kupitia vali ndogo na mpira wake. Vali hiyo ikiziba kwa masizi, mvuke hukosa pa kupumulia na kuisukuma oili itoke. Kuisafisha au kuibadilisha ni kazi ndogo, na spea yake haina gharama ya kulinganishwa na kufungua injini. Mwambie fundi aanze na hiyo.

Tarakimu za kwenye dumu

Sasa tuje dukani. Kwenye dumu utasoma maandishi kama SAE 15W-40. Herufi SAE ni za chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1905, na utaratibu wake wa kupanga oili kwa uzito ulianza mwaka 1911. Tarakimu ya kwanza, yenye W, hueleza jinsi oili inavyotembea wakati wa baridi kali. Ya pili hueleza uzito wake ikiwa na moto wa nyuzi 100 za Sentigredi, ambao ni karibu na moto wa injini inayofanya kazi.

Hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Oili ya 20W hupimwa uwezo wake wa kuruhusu injini izunguke katika baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, na ya 15W nyuzi 20 chini ya sifuri. Dar es Salaam haijui baridi hiyo, na hata Makete na Njombe katika Juni na Julai haziifikii. Kwa hiyo mkazi wa Temeke asilipie oili ya 0W au 5W kwa kudhani ni bora kwa kila gari, isipokuwa kama mtengenezaji wa gari lake ameiagiza.

Tarakimu ya pili ndiyo inayohusu gari linalokula oili. Oili ya 40 ni nzito kuliko ya 30 injini ikiwa na moto, na ya 50 ni nzito kuliko ya 40. Iliyo nzito hupita kwa shida zaidi kando ya ringi zilizolika na sili zilizochoka, ndiyo maana huungua kidogo zaidi. Kanuni basi ni hii: panda ngazi moja, usiruke mbili. Ikiwa gari lako lilikuwa likitumia 10W-30, jaribu 15W-40 au 10W-40. Likiwa tayari lipo kwenye 15W-40 na bado linakula, jaribu 20W-50, ikiwa injini yake ni ya namna ya zamani. Kaa na oili hiyo mpaka muda wake wa kumwagwa, ukipima kila wiki, ndipo utajua imesaidia au la.

Kwa nini usiruke? Kwa sababu oili hailainishi tu, hupooza na kusafisha pia, na lazima ifike juu kwenye vali kupitia matundu membamba. Magari mengi ya Japani yaliyotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kama yale ya Toyota yenye maandishi ya VVT-i juu ya injini, hutumia msukumo wa oili kubadilisha saa ya kufunguka kwa vali. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika, gari hukosa nguvu, petroli huliwa zaidi, na chuma husagana kila asubuhi kabla oili haijafika. Wenye magari hayo wasiifikie 20W-50 pasipo kuangalia kitabu cha gari. Kitabu kikiwa kwa Kijapani, jedwali la tarakimu za SAE na nyuzi za joto husomeka hata hivyo, kwani tarakimu hazina lugha.

Kutia oili ya gia ndani ya injini, kama wafanyavyo wengine ili moshi ukatike siku ya kuuza gari, ni hadaa kwa mnunuzi na ni sumu kwa injini.

Herufi mbili za ubora

Uzito si ubora. Kwenye dumu tafuta pia herufi API, zinazofuatwa na herufi mbili. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Herufi ya pili kadiri inavyosogea mbele katika alfabeti ndivyo oili ilivyo ya karibuni. SJ ilikuwa ya magari ya mpaka mwaka 2001, SL mpaka 2004, SN ilitoka mwaka 2010 na SP mwaka 2020. Kwa magari ya petroli, iliyo mpya hufaa kwa gari la zamani pia, lakini ya zamani haifai kwa gari jipya. Oili ya SF haikukusudiwa kwa injini zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Ukiiona inauzwa rahisi, jiulize Corolla yako ya mwaka 1998 ina uhusiano gani nayo.

Zipo pia oili zilizotengenezwa kwa ajili ya magari yaliyotembea sana. Hizo hutiwa dawa ya kulainisha sili zilizokauka, na aghalabu huwa na uzito wa upande wa juu wa daraja lake. Kwa moshi wa asubuhi wa sili za vali huweza kusaidia, ingawa sili iliyopasuka haina dawa ya dumu. Kwa ringi zilizoganda kwa masizi, kinachosaidia ni oili yenye dawa nzuri ya kusafisha na kumwaga mapema. Ama oili ya sintetiki ya bei ya juu, haina ubaya, lakini kuitia katika gari linalochoma lita kwa kilomita 1,000 ni kuchoma fedha.

Hesabu ya nyumbani

Tuchukue mfano. Gari likitembea kilomita 1,500 kwa mwezi na kula lita moja kwa kila kilomita 1,000, huhitaji lita moja na nusu ya nyongeza kila mwezi, yaani lita 18 kwa mwaka, mbali na zile za kumwaga. Zidisha kwa bei ya lita dukani kwako. Kisha mwulize fundi bei ya kubadilisha sili za vali, na kando yake bei ya kufungua injini na kutia ringi mpya. Weka tarakimu hizo tatu mezani, baba na mama wote wakiwapo. Mara nyingi sili hujilipa zenyewe katika muda mfupi. Ringi ni jambo jingine: yafaa mlinganishe gharama yake na thamani ya gari lenyewe, na hata na bei ya injini nyingine, kabla ya kugusa karo ya shule.

Na kuongeza si kumwaga. Wako wasemao kwamba kwa kuwa wanaongeza kila wiki, oili yao ni mpya daima. La hasha. Uchafu unabaki ndani, na filta inaendelea kuziba. Mwaga na ubadilishe filta kwa muda wake, na kwa gari linalotoa moshi, mapema kidogo.

Kumbuka pia kwamba taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili hupima msukumo, si kiasi. Ikiwaka barabarani, oili imekwisha kushindwa kufika panapotakiwa. Usiseme utafika nyumbani kwanza. Egesha, zima, uangalie kijiti. Kilomita mbili za ukaidi zinatosha kuigandisha injini, na hapo zile hesabu zote tatu za mezani hazitakuwa na kazi tena.

Mwisho, jihadhari na oili bandia. Nunua kwa muuzaji mwenye duka na risiti, kagua kifuniko kama hakijafunguliwa, na ukimaliza toboa dumu ili lisijazwe tena na walanguzi. Oili chafu usiimwage mtaroni, mpe mwenye gereji anayeikusanya. Ina masizi na kemikali zinazoweza kuleta saratani zikigusa ngozi mara kwa mara, basi nawa kwa sabuni, wala usimpake mtoto kidonda kwa kuifanya dawa. Usiihifadhi kamwe katika chupa ya maji au ya soda, kwa kuwa mtoto mwenye kiu hasomi harufu.

Gari kuukuu si aibu, na waliolitunza wamelipata mara mbili ya umri wake. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Anza na kijiti cha kupimia, kisha fundi, ndipo duka la oili lifuate. Tukutane Jumapili ijayo.