Mwandiko Mbaya Si Tabia Mbaya

Desa likianza kuzunguka hosteli, kabla mtu hajasoma hata mstari mmoja ameshamhukumu aliyeliandika. Herufi zimenyooka kama matofali: "Huyu dada yuko siriasi." Herufi zinakimbizana: "Huyu jamaa wa hovyo, hata chumba sidhani kama anafagia." Tunacheka, tunapiga picha kurasa, maisha yanaendelea. Tatizo ni kwamba wengi tunaotoa hukumu hizo tunasomea ualimu, na muda si mrefu tutakuwa na kalamu nyekundu mkononi.

Imani hii ina jina: grafolojia. Aliyeipa jina hilo ni padri Mfaransa, Jean-Hippolyte Michon, katika miaka ya 1870. Wafuasi wake wakajaza vitabu kwa alama na tafsiri zake: mwandiko unaolalia kulia ni wa mtu mchangamfu, unaolalia kushoto ni wa mtu anayejificha, herufi kubwa ni majivuno. Huko Ufaransa makampuni yaliitumia kwa miaka mingi kuchagua wafanyakazi. Yaani unakosa kazi kwa sababu ya mkia wa herufi "g".

Mbona basi mashoto wengi herufi zao hulala upande mwingine? Wote wanajificha? Na wazee wetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, uchangamfu wao tuutafute upande gani?

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1986 Gershon Ben-Shakhar na wenzake, huko Israeli, waliwapa wanagrafolojia 5 maandishi ya watu 40 waliofanikiwa katika kazi zao, wakawataka waseme nani anafanya kazi gani. Hawakufanya vizuri kuliko mtu anayebahatisha. Walipotathmini wafanyakazi wa benki kwa kusoma maelezo ambayo wafanyakazi hao waliandika kuhusu maisha yao, hawakumzidi mwanasaikolojia asiyejua grafolojia aliyesoma maelezo yaleyale. Kumbe kilichosaidia ni habari iliyoandikwa, si umbo la herufi.

Utaniambia, "Lakini mimi nilisomewa mwandiko wangu na ikawa kweli tupu." Sawa. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 kipimo cha tabia, kisha akampa kila mmoja majibu "yake". Wakayapa usahihi wa wastani wa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa karatasi ileile, na maneno mengi aliyatoa kwenye kitabu cha nyota. Ukiambiwa "unajiamini lakini wakati mwingine una mashaka," nani atakataa?

Sisemi mwandiko haubebi habari yoyote. Mtu anayeugua Parkinson herufi zake huweza kuanza kusinyaa, na daktari akaliona hilo. Mtaalamu wa polisi hulinganisha hati mbili kujua kama zimetoka mkono mmoja. Lakini huyo anatafuta nani ameandika. Hatafuti kama aliyeandika ni mvivu.

Ninachokiogopa zaidi kiko darasani. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikaa ofisi moja na mwalimu aliyekuwa anagawa madaftari mafungu mawili kabla ya kusahihisha: "wanaojielewa" na "hawa wengine". Aligawa kwa kutazama mwandiko tu. Katika fungu la pili kulikuwa na mtoto ambaye kwenye dawati la watu wawili wanakaa wanne, naye yuko pembeni, anaandikia pajani. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Pembeni aliandikiwa "Hujitumi".

Na si mwalimu huyo peke yake. Mwaka 1976 Lynda Markham alichapisha utafiti Marekani ulioonyesha kwamba walimu hutoa alama za juu zaidi kwa kazi yenye mwandiko mzuri, hata ubora wa yaliyomo ukiwa uleule. Kwa hiyo tabia tunayodai kuiona kwenye herufi tunaitengeneza wenyewe: mtoto anapewa alama ndogo, anaambiwa mvivu, mwishowe anaacha kujisumbua, na sisi tunasema si tulijua?

Hapa chuoni pia lipo. Saa tatu za UE, swali la mwisho unaliandika mkono umekufa ganzi. Msahihishaji anayeona herufi zimelegea asidhani na akili imelegea.

Nikiwa darasa la kwanza mwandiko ufundishwe na upewe alama zake, kuandika ni moja ya zile KKK na sina ugomvi nalo. Ila alama hizo zikae kwenye mwandiko, zisivuke kwenda kwenye sayansi au historia. Kwenye mitihani, msahihishaji aanze na swali la kwanza kwa karatasi zote, ndipo aende la pili, ili picha ya mwanafunzi mmoja isimfuate ukurasa hadi ukurasa. Majina yafunikwe. Na kwenye majaribio ya darasani, daftari lisilosomeka lisipigwe mkasi mwekundu. Mwite mwanafunzi akusomee alichoandika. Ni dakika mbili. Wenzangu tunaokwenda BTP, hilo halihitaji kibali cha mkuu wa shule.