Deni la nyumba halilipwi kwa kupunguza nyama

Kila Januari, ada na sare za shule zinapokutana na madeni ya Desemba, ushauri huwa ni ule ule: mke na mume wakae chini, waandike bajeti, wabane matumizi, watoke kwenye madeni. Utausikia kwenye semina za wanandoa, kwenye vipindi vya redio vya asubuhi, na siku hizi kwenye video fupi za simu. Sehemu kubwa yake imetoka Marekani, kwa watu kama Dave Ramsey, aliyewafundisha Wamarekani kupanga madeni kuanzia dogo hadi kubwa, kuyamaliza kwa mpangilio huo, na kugawa fedha za matumizi kwenye bahasha. Si ushauri mbaya. Bibi zetu walikuwa na bahasha zao muda mrefu kabla: kibubu uvunguni na fundo kwenye pindo la khanga. Lakini ukiuleta ushauri huu kama ulivyo kwenye nyumba ya mtumishi wa umma Morogoro au Tanga, unakuta kisu kinapitishwa mahali ambapo nyama ilikwisha zamani.

Tumchukue mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa Sh900,000 kwa mwezi. Ni mfano wa hesabu tu, ila walimu wengi watajiona humo. Pensheni inachukua asilimia 5, yaani Sh45,000. Bima ya afya asilimia 3, Sh27,000. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, Sh18,000. Kodi ya mapato inakwenda na kama Sh92,000. Ikiwa alisoma chuo kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, kuna asilimia 15 nyingine, Sh135,000. Hajanunua hata kiberiti, na karibu Sh317,000 zimeshaondoka. Zimebaki kama Sh583,000.

Hapo ndipo afisa mikopo anapovuta kiti. Utaratibu wa serikali unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Kwa mwalimu wetu hiyo ni Sh300,000. Theluthi hiyo iliwekwa ili mtu asifanye kazi mwezi mzima kwa ajili ya wanaomdai. Mtaani imegeuka kuwa rula ya kupimia mkopo. Mtu haulizwi anahitaji kiasi gani, anaulizwa anakopesheka kiasi gani, na jibu linapatikana kwa kutoa Sh300,000 kwenye Sh583,000. Akikubali rejesho la Sh240,000 kila mwezi kwa miaka sita au saba, anabaki na Sh343,000, na kwa mujibu wa karatasi bado ana nafasi ya kuongezewa. Wengi huongezewa. Mkopo wa kwanza ulikuwa wa kiwanja, wa pili wa kupaua, wa tatu hakuna anayekumbuka vizuri ulikuwa wa nini.

Wakenya wana kinga inayofanana na hii. Sheria yao ya Ajira ya 2007 inakataza makato kuzidi theluthi mbili za mshahara. Tangu tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75 ziingie kwenye hati za mishahara, nafasi iliyobaki kwa mwenye mkopo benki imezidi kuwa finyu.

Sasa turudi nyumbani tubane matumizi kama tulivyoshauriwa. Baba anaacha Sh7,000 kwa siku ya unga, mboga, mafuta na mkaa. Wanakubaliana ishuke hadi Sh5,500: nyama mara moja kwa wiki, chai ya rangi, mkaa upimwe. Kwa mwezi wameokoa Sh45,000, na si hela ndogo kwa nyumba hiyo. Ila ikiwa mama ana mkopo wa mtaani wa Sh300,000, ule unaoitwa kausha damu, unaotozwa asilimia 30 kwa mwezi, riba peke yake ni Sh90,000. Watoto wamekosa maziwa mwezi mzima na imefikiwa nusu tu ya riba. Deni lenyewe liko pale pale.

Kwa nini basi panga linaanzia jikoni? Kwa sababu jikoni kunaonekana. Mkopo wa benki hukatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Deni la simu limejificha nyuma ya namba ya siri. Rejesho la kikundi linalipwa Jumanne mchana, baba akiwa kazini. Kinachobaki hadharani ni sufuria, na mwenye sufuria ni mama. Kubana matumizi kunavyohubiriwa mara nyingi ni kumbana mtu mmoja ndani ya nyumba kwa madeni ya watu wawili, na wakati mwingine kwa deni ambalo hakuwahi kuambiwa kuwa lipo.

Kufichana huku hakuna jinsia. Mume hajawahi kuionyesha hati yake ya mshahara. Mke anajua kiwango kwa kukisia kutokana na anachoachiwa mezani. Mke naye ana kikundi. Wanawake kumi wamedhaminiana, kitabu kiko mezani, na mmoja asipotokea na rejesho wenzake hawanyanyuki mpaka wamchangie. Akishindwa mara ya pili, kinachofuata ni kuhesabiwa vyombo: televisheni, jiko la gesi, makochi. Siku vijana wa kampuni iliyokikopesha kikundi wanapokuja na kirikuu kubeba friji ndiyo siku ambayo mume anasikia habari za mkopo kwa mara ya kwanza, na majirani wanasikia naye pamoja.

Sheria ya Ndoa ya 1971 iliona hatari hii, ila kwa macho ya zama zake. Inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na benki leo haipokei hati ya nyumba bila saini ya mke au mume. Aliyeitunga hakuweza kufikiria mkopo unaotoka saa nane usiku kwa kubonyeza namba nne, bila karani wala shahidi. M-Shwari ilipoanza Kenya mwaka 2012, na M-Pawa hapa kwetu mwaka 2014, mtu asiye na hati ya nyumba wala ya mshahara alipata mahali papya pa kukopa. Hilo ni jambo kubwa, tusilibeze; limeokoa wagonjwa na kufungua magenge mengi asubuhi. Lakini asilimia 7.5 ya M-Shwari, iliyoitwa ada, ni ya siku 30. Anayeirudia kila mwezi kwa mwaka mzima analipa asilimia 90, wakati mkopo wa kawaida wa benki unazunguka kwenye asilimia 15 kwa mwaka.

Kuna wanaopendekeza kwamba basi kila mkopo, hata mdogo, uwe na ridhaa ya mwenza. Siungi mkono. Mwanamke anayeuza dagaa Kirumba, Mwanza, akilazimika kuomba saini ya mume ili akope laki mbili za mtaji, tutakuwa tumempa mume funguo za biashara ambayo si yake. Pwani jambo hili ni zito zaidi: katika ndoa ya Kiislamu mali ya mke ni ya mke, na matunzo ni wajibu wa mume. Washauri wanaosema wanandoa wachanganye kila senti kwenye mfuko mmoja wanazungumza na nyumba za aina moja tu. Mifuko inaweza kubaki miwili. Kinachotakiwa kuwa kimoja ni daftari la madeni: nani anadaiwa, na nani, kiasi gani, kwa riba ipi, lini. Daftari hilo lina thamani kuliko bajeti yoyote ya nyanya na vitunguu, na ndilo linaloumiza kulifungua.

Likishafunguliwa, mambo huwa rahisi kidogo kuliko huko ushauri ulikotoka. Wamarekani hubishana sana kama mtu aanze kulipa deni dogo, apate moyo, au deni lenye riba kubwa, aokoe fedha. Kwetu ubishi huo karibu haupo, kwa sababu madeni madogo ndiyo ghali: la simu, la kikundi, la jirani anayekopesha laki na kudai laki na thelathini. Deni kubwa la benki ndilo nafuu. Kwa hiyo mume anayejivunia kumaliza mkopo wake wa benki mapema huku mke akizungusha kausha damu anaipotezea nyumba fedha kila mwezi, hata kama kwenye hesabu zake mwenyewe anaonekana mtu makini. Kuna hata wakati ambapo kuongezewa mkopo wa mshahara ili kuuzima ule wa mtaani ni uamuzi wa busara. Sharti ni moja, na ndilo linalowashinda wengi: kule mtaani kusifunguliwe tena ukurasa mpya mwezi unaofuata.

Je, hii ina maana kwamba tatizo ni la wanandoa peke yao, na serikali ikae pembeni? Hapana. Benki Kuu ya Tanzania iliweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Kwa ukomo huo, riba ya mama yetu ingekuwa Sh10,500 kwa mwezi badala ya Sh90,000. Hakuna bajeti ya jikoni inayoweza kuokoa tofauti hiyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila leseni, yale yanayopigia simu mashemeji na mabosi wa mdaiwa kumuaibisha. Hatua nzuri, ingawa anayefungiwa jina leo anaweza kurudi kesho na jina jingine na nembo nyingine.

Wapo watakaosema ukomo wa riba huwaumiza maskini, na wana ushahidi wa jirani. Kenya ilipobana riba za benki Septemba 2016 zisizidi pointi nne juu ya kiwango cha Benki Kuu yao, benki ziliona afadhali kuikopesha serikali kuliko mfanyabiashara mdogo, na sheria ikaondolewa Novemba 2019. Hoja hiyo ni ya kweli kwa mikopo ya benki. Kwa asilimia 30 kwa mwezi sioni inakosimama. Mtu akikosa mkopo wa bei hiyo, mara nyingi ameepushwa na shimo. Ningependa pia mkopeshaji yeyote alazimishwe kusema gharama nzima kwa shilingi: unachukua 300,000, utarudisha 390,000, ukichelewa mwezi mmoja itakuwa kiasi hiki. Asilimia hudanganya hata waliosoma hesabu. Shilingi haidanganyi.

Limebaki panga moja ambalo hata washauri hodari hawaligusi: michango. Kadi ya harusi inakuja imeandikwa kiwango kabisa, mtu mmoja 50,000, wawili 100,000, na kundi la WhatsApp linataja majina ya waliolipa na waliosalia. Kabla ya harusi kuna sendofu yenye kamati yake, na kabla ya sendofu kuna sherehe ya kumfunda bibi harusi, nayo ina sare ya kitenge. Kadi moja ya watu wawili inameza zaidi ya miezi miwili ya nyama iliyokatwa jikoni. Tena mara nyingi ndiyo inayompeleka mtu kwenye mkopo wa simu, maana mshahara haujatoka na mwenyekiti wa kamati ni bosi wake.

Siwezi kusema michango yote ikatwe. Rambirambi ni bima. Anayechangia misiba ya wenzake leo ndiye atakayekuta turubai na sufuria zimefika nyumbani kwake kabla hajaomba. Nyumba isiyo na akiba ikijitoa humo itakopa siku ya kwanza ya matatizo. Harusi ni habari nyingine. Mkiweka kiwango cha mwaka, tuseme Sh200,000, na kuwaambia ndugu mapema kwamba kikiisha kimeisha, mtasemwa. Shangazi atasema mmebadilika tangu mjenge. Kamati itawaruka kwenye orodha ya waalikwa, na mtoto wenu akifikia kuoa, ukumbi hautajaa. Wanandoa wanaotaka kutoka kwenye madeni wanapaswa kulijadili hilo kwa uwazi ule ule wa daftari, wakijua kwamba kwenye kiti cha kamati huwa amekaa mume mara nyingi zaidi, na akiahidi laki mbele ya wanaume wenzake hajampigia mtu simu nyumbani kuuliza. Sh1,500 za mboga kwa siku zilijadiliwa jioni nzima.