Risasi ya kimya kimya na paa asiyekuwepo

Nimekuwa kimya kidogo, mihangaiko ya mjini si mnaijua. Leo siongelei siasa wala foleni ya Mbagala Rangi Tatu. Leo naongelea risasi, na kabla hamjanipigia simu kuuliza kama nimejiunga na majambazi, nisikilizeni.

Nina mshkaji wangu anaishi Tegeta. Bunduki yake anaimiliki kihalali, na akitaka kuwinda anaomba leseni serikalini kama sheria inavyotaka. Tatizo lake ni YouTube. Kila akitoka kazini anaangalia Wamarekani wanaowinda kimya kimya kwa risasi zisizofikia kasi ya sauti. Mnyama anaanguka, ndege juu ya mti hata hawashtuki, jamaa anatabasamu. Sasa mshkaji anataka risasi za namna hiyo kwa ajili ya paa, na swali lake kwangu mimi mwandishi (watu wanadhani mwandishi anajua kila kitu) ni moja tu: nichague ipi?

Nimesoma wiki kadhaa. Nina jibu, na halitampendeza.

Kwanza tuelewane kuhusu huyo paa. Kamusi zetu humpa jina la paa au kulungu yule mnyama wa kadi za Krismasi, mwenye pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka. Ukweli ni kwamba mnyama huyo hayupo huku kwetu. Afrika anapatikana porini kaskazini kabisa, kule Algeria na Tunisia. Paa wetu wa misitu ya Pwani ana kilo tano hivi, mdogo kuliko mbuzi wa bibi yako. Funo anafika kilo kumi na kitu. Swala pala dume ndiye anayekaribia kilo 60. Kwa hiyo tayari mshkaji anachagua risasi ya mnyama wa watu.

Sasa tuje kwenye sauti. Bunduki ina kelele mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni mlipuko wa gesi ya baruti pale mdomoni mwa mtutu. Hiyo ndiyo inayopunguzwa na kiwambo cha sauti. Ya pili inatoka kwenye risasi yenyewe ikiwa angani, maana kitu kinachokimbia kuliko sauti huburuta wimbi lake na hilo wimbi linalia kama mjeledi. Kiwambo hakiwezi kuifanya lolote kelele hiyo ya pili. Dawa yake ni moja, kupunguza mwendo wa risasi uwe chini ya mwendo wa sauti.

Na mwendo wa sauti haujasimama. Hewa ikiwa na nyuzi joto 20 sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde. Dar mchana wa Februari, nyuzi 32, inafika 350. Nenda Makete asubuhi ya baridi kali, nyuzi 5, inashuka hadi 334. Maana yake risasi ya mita 340 kwa sekunde ingekuwa bubu Bunju na ikalia kama mjeledi Makete. Ndiyo maana watengenezaji hujiwekea nafasi na kubaki kwenye mita 310 au 320.

Bei ya ukimya huo ndiyo ambayo YouTube haikuonyeshi. Nguvu ya risasi hupanda kwa mraba wa mwendo wake, ukigawa mwendo kwa mbili nguvu inagawanyika kwa nne. Chukua .308 ya kawaida yenye kichwa cha gramu 9.7 kinachotoka kwa mita 860 kwa sekunde: jouli 3,500 na ushee. Chukua .300 Blackout, ile iliyosajiliwa rasmi Marekani mwaka 2011 na kupendwa sana na watu wa ukimya. Kichwa chake kizito kabisa cha gramu 14 kikitembea mita 308 kwa sekunde kinabeba jouli 680 hivi. Yaani umeongeza uzito karibu nusu na bado umebaki na moja ya tano ya nguvu.

Haiishii hapo. Risasi ya kuwindia haiui kwa kutoboa tu. Inatakiwa ikifika mwilini ichanue kama uyoga, ikate njia pana kwenye mapafu na moyo, mnyama apoteze damu na fahamu ndani ya sekunde chache. Kichwa cha kawaida chenye ncha laini kimetengenezwa kichanue kikiwa na kasi kubwa. Kipige kwa mita 300 kwa sekunde na kinapita kama sindano ya kushonea magunia. Mnyama anashtuka, anakimbia, anaingia kichakani, anakufa kesho yake au wiki ijayo. Wewe unarudi Tegeta unasema nilikosa. Hukukosa bwana, umempiga na umemwacha.

Kwa hiyo mtu makini anayetaka mwendo wa polepole ana chaguo jembamba sana: kichwa kilichotengenezwa makusudi kichanue kwa mwendo mdogo. Hornady wana Sub-X, Lehigh Defense wana vya shaba vinavyofunguka kama petali za ua. Hivyo vinafanya kazi, sibishi. Ila vinadai mambo mengine. Mtutu uwe na mifereji inayoizungusha risasi haraka, kwa sababu kichwa kirefu kizito kisipozungushwa vya kutosha kinayumba na kupinduka hewani. Na umbali uujue kwa uhakika, si kwa kukisia. Hesabu za darasani tu: ndani ya mita 50 risasi hiyo inashuka kama sentimita 13, na ndani ya mita 100 inashuka zaidi ya nusu mita. Paa mwenyewe urefu wake mabegani haufiki nusu mita! Ukikosea umbali kwa hatua ishirini umepiga tumbo, au umepiga mchanga.

Wenye wanyama hao wa pembe za matawi wenyewe wameliona. Uskoti, kwa agizo la mwaka 1985, hata mnyama wao mdogo wa kilo 20 na kitu risasi yake lazima itoke kwa zaidi ya mita 740 kwa sekunde. Yaani ukimya huo anaoutamani mshkaji wangu kule ni kosa la jinai. Viwambo wanatumia sana, lakini kwa risasi za kasi ya kawaida, na lengo ni kuokoa masikio. Na hapa kwetu wawindaji wa kitalii wana kiwango chao cha bunduki, .240 kwa wanyama wa kawaida na .375 kwa wale wanaoweza kukugeuzia kibao, mbogo na wenzake. Hayo mambo hayakuwekwa kwa ajili ya urembo.

Sasa niseme lile linaloniuma zaidi. Risasi isiyochanua sisi Watanzania tunayo miaka mingi, inaitwa gobole. Mafundi wa vijijini wanalitengeneza kwa bomba, na ndani wanashindilia vipande vya nondo na gololi za beringi. Nondo haichanui hata uibembeleze. Ndiyo maana hadithi za gobole ni hadithi za kufuata damu mpaka jua linazama. Mtu akitumia dola zake kuagiza risasi za polepole halafu akachagua kichwa kisicho sahihi, ametengeneza gobole la kisasa lenye darubini.

Mtaniambia, mbona Wamarekani wana sababu za ukimya? Wanazo. Wengi wanawinda karibu na nyumba za watu, na majirani hawapendi kelele. Hata sisi wa Mbagala tunaelewa hilo. Tarehe 29 Aprili 2009 mabomu ya ghala la jeshi yalilipuka pale Mbagala Kuu, wakafa watu zaidi ya 20, na 16 Februari 2011 ikawa zamu ya Gongo la Mboto. Kuna watu mtaani kwetu hadi leo tairi la daladala likipasuka wanatafuta mtoto yuko wapi. Kishindo kwetu si mchezo.

Lakini jibu la pembezoni mwa Dar haliwezi kuwa kupiga risasi kimya kimya. Jibu ni kutopiga kabisa. Pande, lile pori dogo la kilomita za mraba 12 hivi nyuma ya Mabwepande, limezungukwa na viwanja vya watu na watoto wanaotoka shule. Risasi ya polepole bado inaua mtu akiwa mbali sana kuliko macho yako yanavyofika, na ikigonga jiwe inaruka upande. Tofauti ni kwamba huyo mtu hatasikia kitu cha kumfanya alale chini.

Na kule porini kwenyewe, kishindo ni taarifa. Askari wa wanyamapori na walinzi wa kijiji hawana droni kila kona, wana masikio. Mlio ukisikika upande wa mto wanajua waelekee wapi, na mwenye leseni hana cha kuogopa, atatoa karatasi yake. Nchi hii ilihesabu tembo 109,000 mwaka 2009, ikahesabu tena 2014 ikakuta 43,000. Baada ya hesabu kama hiyo, mimi mtu akiniambia anataka bunduki isiyosikika namuuliza isisikike na nani?

Kuna hoja moja ya upande wao ambayo naikubali. Kiswahili chetu kina neno moja, risasi, kwa kile kinachotoka mtutuni na kwa yale madini yenyewe ambayo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Kichwa cha madini hayo kikipiga kwa kasi kubwa kinameguka, chembe zinasambaa kwenye nyama mbali na tundu, nyingine ndogo hata ulimi hauzioni. Kwa mwendo mdogo hakimeguki sana. Sawa, pointi yao. Ila dawa ya hilo si kupunguza mwendo, dawa ni kichwa cha shaba tupu chenye kasi ya kawaida. California waliziondoa zile za sumu kwenye uwindaji wote mwaka 2019, Denmark wakazipiga marufuku hata za bunduki kubwa mwaka 2024.

Hili linatuhusu hata sisi ambao hatujawahi kushika bunduki. Tangu kanuni za mabucha ya nyamapori zitoke mwaka 2020, mtu wa Kinondoni anaweza kula swala kihalali. Na sisi nyama bila ndimu hatuli. Watafiti wa Hispania walipika kware wenye vipande vya risasi kwa siki, wakakuta sumu inayoyeyukia kwenye nyama imepanda sana. Ndimu nayo ni asidi ile ile. Kuchoma hakuiondoi.

Basi mshkaji wangu wa Tegeta, jibu lako hili hapa: shaba, kasi kamili, ziba masikio yako, sogea karibu na mnyama, na acha mlio usikike. Nyie wengine mkienda buchani ulizeni mnyama alipigwa na risasi ya madini gani. Muuzaji akikushangaa, kata nyama kiganja kizima kuzunguka lile tundu, na hicho kipande usimpe hata mbwa.