Kamera ya Zamani kwa Matumizi ya Nyumbani

Picha ya mzee aliyekwisha fariki ni mali isiyonunulika. Kwa sababu hiyo mtu wa Rangwe, katika Kaunti ya Homa Bay, atakaye kamera ya filimu ya kutumia kila siku, yampasa aichague kwa akili, wala asidanganywe na kung'aa kwake.

Zifaazo ni zile zenye kipima umbali. Mpigaji hutazama dirishani akaona sura mbili za mtu mmoja. Huzungusha lenzi mpaka sura hizo ziwe moja, ndipo abonyeze. Leica ya Ujerumani ni ghali mno. Lakini FED, iliyoanza kuundwa Kharkov mwaka 1934 kwa kuiga Leica, na Yashica Electro 35 ya Japani, iliyotokea mwaka 1966, hupatikana kwa bei ndogo zaidi.

Kila moja ina kasoro yake. Yashica iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 5.6, ambayo haiuzwi tena, hivyo lazima itafutiwe badala yake. FED haihitaji betri, lakini pazia lake ni la nguo. Ikiachwa wazi ikilielekea jua, lenzi huikusanya miali na kuitoboa nguo hiyo. Na jua la Rangwe, karibu na Ikweta, halina huruma. Basi kifuniko kisikose. Hata hivyo, mpigaji hatazami kupitia lenzi. Akisahau kukiondoa, atawaona watu wote vizuri, kumbe filimu haipati kitu.

Kabla ya kulipa fedha, mnunuzi aitazame lenzi mbele ya mwanga. Akiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu. Na airudishe kwa mwenyewe.

Juani, kwa filimu ya ASA 100, tundu la 16 na mwendo wa 1/125 ya sekunde hutosha. Lakini mzee aliyevaa kofia saa sita mchana uso wake hutoka mweusi bila macho. Heri aketishwe kivulini, na tundu lifunguliwe hadi 4.

Tena apigwe mara mbili. Filimu haionyeshi kosa lake mpaka isafishwe, na siku hiyo wageni wamekwisha kwenda zao, na pengine mzee mwenyewe hayupo.