Oksijeni ya Nyumbani Inakula Tokeni

Stima ikipotea Kisauni ama Likoni, wengi wetu tunalalamika simu haina chaji. Nyumba ya pili huenda kuna mzee ambaye mashine yake ya oksijeni imezima, na sasa anahesabu dakika zilizobaki kwenye mtungi.

Vijana, hili ni suala la haki, na hatulizungumzi.

Mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu, uwe umetokana na sigara, moshi wa kuni na makaa wa miaka mingi, au makovu ya TB iliyopona zamani, anaweza kuandikiwa na daktari oksijeni ya nyumbani. Si ya kuvuta kidogo akichoka. Kwa kawaida ni angalau saa 15 kwa siku, usiku ukiwemo, na mara nyingi ni ya maisha. Mashine inavuta hii hii hewa ya chumbani, ambayo oksijeni yake ni asilimia 21, inachuja naitrojeni na kumpa mgonjwa oksijeni ya asilimia 90 hivi kwa mpira mwembamba wa puani.

Sasa piga hesabu. Mashine ya lita 5 inaweza kula wati 350. Kwa saa 15 hiyo ni uniti 5 na kitu kwa siku, zaidi ya 150 kwa mwezi, kabla hujawasha hata taa. Na bei ya stima Kenya imepangwa kwa madaraja: ukitumia nyingi, kila uniti inapanda bei. Yaani bibi anayevuta pumzi kwa mashine anatozwa kama tajiri mwenye kiyoyozi. Haki gani hiyo?

Kutoka nje nako ni mtihani. Mtungi wa lita 680, ukifunguliwa lita 2 kwa dakika, unaisha kwa saa 5 na dakika 40. Toa foleni ya feri, toa kusubiri kliniki, toa matatu ya kurudi. Mashine ndogo za betri za kubeba begani zipo, lakini betri ni ya saa chache na bei si ya mtu wa kibarua. Wengine wanaamua kukaa ndani tu. Na wakitoka, watu wanawakodolea macho kana kwamba ule mpira unaambukiza!

Oksijeni imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Uingereza mgonjwa wa oksijeni ya nyumbani hurudishiwa gharama ya stima ya mashine, na kampuni za stima zina orodha ya wateja wanaotegemea vifaa vya matibabu ili waarifiwe mapema. Hapa, Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima ililala gizani. Nani alikuwa na orodha?

Tunataka orodha hiyo, bei nafuu ya uniti kwa nyumba zenye barua ya daktari, na SHA iandike wazi kwamba oksijeni ya nyumbani, mashine na mtungi, ni tiba inayolipiwa.

Na sisi nyumbani tujirekebishe. Oksijeni haiwaki yenyewe, lakini inafanya moto ushike haraka mno. Kwa hivyo chetezo cha udi, jiko na sigara vikae mbali kabisa na chumba cha mgonjwa. Pia usimwongezee lita kwa huruma bila daktari kusema. Kwa baadhi ya wagonjwa hawa oksijeni ikizidi, hewa chafu hujaa kwenye damu na anaweza kupoteza fahamu.

Una mgonjwa wa oksijeni kwenu? Tuandikie inboksi: mtaa, aina ya mashine, uniti kwa mwezi, na stima hupotea mara ngapi. Jina la mgonjwa usiweke. Tutazipeleka hesabu hizo kwa MCA wa kila wadi.