Pikipiki ya Umeme, Betri ya Nani?

Jioni ya Jumanne iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimerudi kazini na hata viatu sijavua, alibisha hodi mama mmoja jirani yangu wa hapa Wandegeya, ambaye mumewe ni konstebo wa polisi. Mkononi alikuwa na karatasi nne zilizobanwa pamoja. "Mwalimu," aliniambia (maana ingawa niliiacha chaki miaka mingi iliyopita na sasa ni mtumishi wa ofisi ya serikali, jina hilo halijanitoka), "tusomee mkataba huu. Baba watoto atautia sahihi Ijumaa, nami moyo wangu haujatulia."

Mkataba wenyewe ulihusu pikipiki mpya ya umeme, ambayo wangempa kijana aendeshe bodaboda na kuwaletea fedha kila jioni. Mwanzoni, alinieleza huku akicheka kidogo, mumewe alikuwa ameota gari la umeme.

Si ajabu mtu wa Wandegeya kuota gari la umeme. Kilima kile kinachotutazama ni cha Chuo Kikuu cha Makerere, na huko ndiko wanafunzi na walimu wao walikounda Kiira EV, gari la umeme la watu wawili, lililoonyeshwa hadharani Novemba mwaka 2011. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola, lenye kusaidiwa na nguvu za jua. Lakini kuunda ni jambo moja na kununua ni jingine. Gari jipya la umeme hula mishahara ya miaka mingi ya konstebo, na benki itakayomkopesha kiasi hicho itataka hati ya ardhi ambayo wengi wetu hatuna. Basi na tuliache gari kwa leo, tuizungumze pikipiki, ambayo imekwisha kufika mlangoni; na atakayeielewa hesabu ya deni lake ameielewa pia ya gari.

Niliketi na kalamu. Sitamtaja mkopeshaji, na tarakimu nimezisawazisha ili hesabu isomeke vizuri. Tuseme bei ya pikipiki kwa fedha taslimu ni shilingi 6,000,000. Mnunuzi atoe arbuni ya shilingi 600,000, kisha alipe shilingi 15,000 kila siku, siku 6 kwa juma, kwa muda wa miaka 2. Shilingi 15,000! Nani katika mji huu atashindwa kuipata? Hapo ndipo tunapotegwa, kwa sababu jicho hutazama siku moja na deni hutazama siku zote. Majuma 104 yenye siku 6 ni siku 624, na siku 624 mara 15,000 ni shilingi 9,360,000. Ongeza arbuni, na pikipiki ya milioni sita imenunuliwa kwa shilingi 9,960,000. Mama yule aliniomba nirudie hesabu. Niliirudia. Ilikuwa ile ile.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba katika karatasi zote nne neno riba halikuandikwa hata mara moja. Malipo yaliitwa kodi. Wengi wamesikia kwamba mwaka 2024 serikali iliweka kikomo cha riba ya wakopeshaji fedha, yaani asilimia 2.8 kwa mwezi, nao huamini kuwa hawawezi kuonewa tena. Lakini kikomo hicho kitakufaa nini ikiwa karatasi yako haisemi riba ni kiasi gani? Mnunuzi anayo haki ya kuuliza, kabla ya kalamu kugusa karatasi: bei ya taslimu ni ngapi, nitakuwa nimelipa jumla ya ngapi siku ya mwisho, na siku ambayo pikipiki imelala gereji, je, deni nalo litalala? Katika mkataba ule deni halikulala.

Sasa tuje kwenye betri. Katika pikipiki ya petroli mtu akinunua chombo amekinunua chote. Hii ya umeme ni tofauti, kwa kuwa betri ndiyo yenye gharama kubwa. Ndiyo sababu makampuni mengi huuza pikipiki bila betri: mwendeshaji hufika kituoni, huacha betri iliyokwisha nguvu, hupewa iliyojaa, hulipa na kuondoka kwa dakika chache tu. Makampuni kama Gogo na Spiro yanavyo vituo vya namna hiyo hapa Kampala. Huko Nairobi kampuni ya BasiGo ilianza mwaka 2022 kuwapa wenye matatu mabasi ya umeme kwa mpango unaofanana na huo, ambapo mwenye basi hulipa sehemu ya bei kwanza, kisha hulipia betri na kuichaji kwa kadiri ya kilometa anazokwenda.

Mpango huu una manufaa ya kweli. Huupunguza mzigo wa kwanza, na betri ikichoka ni hasara ya kampuni. Lakini ina maana pia kwamba hata siku utakapomaliza deni, chombo chako hakitatembea bila kampuni ile. Hutaweza kukichaji nyumbani kwako ikiwa betri si yako na kampuni hairuhusu, wala kukipeleka mahali ambapo kampuni haina kituo.

Hapa nilimwuliza mama yule swali ambalo wakala wa mkopo, kijana mwenye tai, hakuwauliza: "Shemeji akipewa uhamisho?" Askari hana mji. Leo yuko Wandegeya, mwezi ujao barua yaweza kumpeleka Kaabong. Na wenzake wa jeshi wamekuwa wakipelekwa Somalia tangu mwaka 2007. Pikipiki ya petroli ungeipakia katika lori ukaenda nayo. Hii itabaki Kampala mikononi mwa kijana, na kijana akipunguza hesabu ni mama atakayemfuata stendi, mtoto mgongoni. Kwa hiyo uaminifu wa mwendeshaji nao ni sehemu ya gharama, ijapokuwa hauandikwi katika mkataba wowote.

Je, nafuu iko wapi? Kwa maoni yangu, mahali pa kwanza pa kubisha hodi ni kwenye akiba yetu wenyewe. Polisi wanacho chama chao cha kuweka na kukopa, Exodus, na wanajeshi wanacho Wazalendo. Fedha zinazokopeshwa humo ni za wanachama, na marejesho hukatwa katika mshahara kabla haujafika mkononi, hivyo hakuna mtu wa kukufukuza barabarani. Kiwango cha sasa na masharti yake mwanachama akaulize dirishani. Lakini aulize vema, kwa sababu kuna riba mbili zenye jina moja.

Chukua zile shilingi 5,400,000 zilizobaki baada ya arbuni, uzikope kwa miezi 24, na tuseme kwa mfano tu riba ni asilimia 1.5 kwa mwezi. Riba ikihesabiwa juu ya deni la kwanza hadi mwisho, utalipa shilingi 81,000 za riba kila mwezi, na kwa miezi 24 zitakuwa 1,944,000. Ikihesabiwa juu ya deni lililosalia, mwezi wa kwanza utalipa 81,000, wa pili pungufu yake, hata mwezi wa mwisho ulipe 3,375 tu, na jumla itakuwa shilingi 1,012,500. Asilimia ni ile ile, na tofauti ni shilingi 931,500. Hizo ni karo za mtoto! Neno la kusema dirishani ni hili: "Riba hii ni ya deni linalopungua, au la?"

Kwa hesabu hiyo ya pili, mwezi wa kwanza yatakatwa 306,000 na jumla ya marejesho yatakuwa 6,412,500, badala ya zile 9,360,000 za wakala. Lakini nisimfiche msomaji upande wa pili. Mkato huo hautazami kama pikipiki imefanya kazi au imeibiwa. Mshahara unaokatwa karo na mkopo wa zamani hauwezi kubeba mkato mwingine, na aliye hivyo ni heri asubiri.

Na kama hesabu haijakaa sawa, nunueni daftari kwanza. Muombeni bodaboda mmoja mnayemwamini aandike kwa majuma mawili petroli anayonunua kila siku, mafuta ya injini, na fedha anazopata. Kisha mwingine wa pikipiki ya umeme aandike anacholipa kubadilisha betri na mara ngapi kwa siku. Tofauti ya madaftari hayo mawili ndiyo faida ya umeme kwenu, wala si ile iliyochorwa katika tangazo.

Nilisema haya kwa sauti iliyozidi kidogo, mama akanitazama. Ikanibidi nimwambie yaliyonipata. Mwaka 2013, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, nilikopa shilingi 800,000 kwa mkopeshaji mmoja, naye akashika kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Kila mwisho wa mwezi tulikutana mashineni, akitoa mshahara wangu mbele ya macho yangu na kunihesabia kilichobaki. Mwezi mmoja kilibaki shilingi 40,000, nami nilikuwa na mtoto wa miezi saba. Baadaye, kwa sheria ya mwaka 2016, wakopeshaji fedha walikatazwa kushika kadi ya benki, kitambulisho cha taifa, pasipoti au kitambulisho cha kazi cha askari kuwa dhamana. Anayekuomba kimojawapo anavunja sheria, hata kama anatabasamu.

Ijumaa ilipofika konstebo hakutia sahihi. Alikwenda chamani, akarudi na fomu inayotaka wadhamini wawili ambao ni wanachama. Mmoja amekwisha kumpata, sajini wa kambini. Wa pili bado anamtafuta, na jana jioni alipita kwangu kuuliza kama daftari la petroli limefika.